Basi lina AC, abiria wanatoka jasho

Mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana husimama karibu wima juu ya Dodoma. Mji huu uko takriban nyuzi sita kusini mwa Ikweta, na jua likiwa njiani kwenda kusini hupita hapohapo, kisha hurudi tena mwanzoni mwa Machi. Siku hizo kivuli cha mtu hujikusanya miguuni pake, na basi lililosimama kando ya barabara ya Arusha pale Msalato halina upande wa kivuli. Kuta zake hupata jua kidogo. Paa hupata lote.

Hesabu yake si ngumu. Basi la masafa marefu huwa na urefu wa mita 12 na upana wa mita 2.5, yaani paa la mita za mraba 30. Jua la mchana usio na mawingu hutua kwa nguvu inayokaribia wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, hivyo bati la juu hupokea kilowati 30, sawa na pasi thelathini za umeme zilizowashwa kwa pamoja na kulazwa juu yake. Si joto lote hilo linaloingia ndani, maana sehemu huakisiwa na sehemu hupeperushwa na upepo. Lakini humo ndani wamo abiria hamsini, na kila mmoja, akiwa ameketi tu, hutoa joto la wati 100 hivi. Hizo ni kilowati tano nyingine. Viko pia vioo vipana vinavyopitisha mwanga na kukataa kulitoa joto, na uko mlango unaofunguliwa kila kituo.

Kiyoyozi cha paani kwenye basi kubwa huundwa kuhamisha joto la kilowati 25 hadi 40. Kwa karatasi, basi, vita hivi vinashindika. Kwa nini basi watu wanatoka jasho?

Ubavuni pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba gari lina AC. Tiketi imekatwa kwa bei ya gari lenye AC. Basi linatoka stendi ya Nanenane, linavuka mji, linashika njia ya kaskazini, na kabla ya Msalato watu wa siti za nyuma wameshaanza kujipepea. “Konda, hiyo AC si uwashe?” “Imewashwa, mama, itakolea mbele.” Mbele ni wapi, hakuna anayejua. Kondoa inapita, vilima vya Kolo vinapita, na anayepulizwa na upepo wa baridi bado ni dereva peke yake. Mwishowe abiria mmoja anasukuma kioo cha dirisha, na hapo kazi imeharibika kabisa, kwa sababu hewa ya moto na vumbi huingia kwa pamoja na kile kidogo kilichokuwa kimepozwa hutoka.

Abiria huyo huambiwa avumilie, na Watanzania ni wavumilivu kupita kiasi wanapokuwa garini. Hapa ndipo kosa lilipo. Ubaridi ni bidhaa aliyoinunua. Kama ilivyo kwa sukari dukani na petroli kituoni, bidhaa iliyolipiwa hupimwa, na chombo cha kupimia joto ni cha bei ndogo kuliko vingi vinavyofungwa ndani ya basi kwa mapambo.

Katika nauli mpya za mabasi ya mikoani za Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), zilizoanza kutumika Desemba 2023, daraja la kawaida liliwekewa kikomo cha Sh48.47 kwa kilomita na daraja la kati Sh67.84. Tofauti inazidi Sh19 kwa kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kilomita 450 hivi, abiria wa daraja la kati anaweza kutozwa zaidi ya Sh8,000 juu ya mwenzake. Sehemu ya fedha hizo hulipia siti pana na nafasi ya miguu, na hilo halina ubishi. Lakini asubuhi ya Oktoba pale stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, anayeongeza elfu nane mfukoni mara nyingi anafikiria jambo moja: asifike Dodoma shati limeloa.

Utetezi wa kwanza wa wenye mabasi ni hali ya hewa. Dodoma kuna joto, wanasema. Joto lipo, ila lisikuzwe. Novemba, mwezi ambao ni kilele, wastani wa joto la juu la mchana huwa nyuzi 31 au zaidi kidogo. Muscat, ambako familia nyingi za Zanzibar zina ndugu zao, joto la Juni hupita nyuzi 40, na mabasi ya mjini huko huendeshwa kwa viyoyozi vya paani vilivyotengenezwa kwa kanuni zilezile. Tena Dodoma ina zawadi ambayo Pwani haina: hewa kavu. Mashine ikiwa Dar es Salaam hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kukamua maji yaliyomo hewani kabla hata hewa haijapoa. Ndiyo maana chini ya basi lililosimama Ubungo huonekana dimbwi. Kwenye uwanda wa kati wakati wa kiangazi karibu nguvu yote huenda kwenye kupoza. Basi linalopoza vizuri Chalinze kisha likashindwa Msalato lina sababu nyingine.

Liko jambo ambalo wenye mabasi wangeweza kulisema kwa haki, na hawalisemi. Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo feni inayozunguka kwa kasi ileile hubeba joto pungufu kidogo. Hiyo ni hasara ya kweli. Lakini ni sehemu moja ya kumi, na safari ya jasho haielezwi na sehemu moja ya kumi.

Inaelezwa na vumbi.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Hubeba joto kutoka ndani na kulitupa nje, na gesi iliyomo kwenye mabomba ndiyo mchukuzi. Ndani ya dari gesi hiyo hupanuka, hupoa na kufyonza joto la hewa ya abiria. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huibana mpaka iwe ya moto, kisha huisukuma kwenye kile ambacho mafundi hukiita rejeta ya AC, iliyolazwa juu ya paa chini ya feni. Hapo joto linapaswa kutoka. Rejeta hiyo imeundwa kwa vibati vyembamba vilivyosogeleana mno, na vumbi jekundu la uwanda wa kati, likichanganyika na moshi wa dizeli, hujaza nafasi zilizo katikati. Feni huzunguka kwa kelele, hewa haipiti, gesi hurudi ndani ikiwa bado na joto lake. Kompresa hulazimika kubana kwa presha kubwa zaidi, injini hunyang’anywa nguvu, dizeli huongezeka, na dereva anayepewa mafuta ya kuhesabiwa huanza kuizima AC kwenye kila mlima.

Msalato na vitongoji vyake ni mahali pabaya kwa rejeta ya aina hiyo. Hapo unajengwa uwanja wa ndege wa kimataifa. Barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 inayozunguka jiji inapita Veyula, mbele kidogo tu kwenye njia hiyohiyo ya Arusha. Malori ya kifusi na kokoto yamepita huko miaka kadhaa, na kuanzia Juni hadi Novemba upepo wa mashariki huinua kilicholegea chote. Basi linaloshinda kwenye njia hii hupata vumbi juu na ndani, lakini mengi huoshwa ubavu na kioo cha mbele peke yake. Mbavu ndizo zinazoonekana na wateja. Paani hapandi mtu.

Kuosha rejeta hiyo ni kazi ya maji ya presha ndogo, brashi laini na saa moja ya kijana anayejua anachofanya. Presha kubwa hukunja vile vibati na kuziba kabisa kilichotakiwa kuzibuliwa, na hili hutokea mara nyingi, kwa sababu bomba linalotumika ni lilelile la kuoshea matairi.

Upande wa ndani mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa hayaonekani. Hewa ya abiria hufyonzwa kupitia filta iliyoko darini, na filta hiyo ikishaziba, vitu viwili hufuata. Kwanza feni ya ndani huvuta hewa kidogo mno, mabomba ya baridi hupoa kupita kiasi na kuganda barafu, na barafu ikishatanda hakuna kinachopita; abiria husikia AC ikivuma huku matundu hayatoi kitu. Pili, vumbi linalofaulu kupenya hunasa kwenye mabomba yaliyolowa jasho la ubaridi na kugeuka tope. Tope huteremka na kuziba njia ya kutolea maji. Dodoma hilo halijulikani, maana hewa ni kavu na maji ni machache. Basi likirudi likashuka Morogoro na kuingia unyevu wa Pwani, maji huwa mengi, hayana pa kutokea, na abiria wa siti ya dirishani hudondokewa matone mabegani. Watu wa Dar hudhani bomba limetoboka. Wanadondokewa na vumbi la Dodoma.

Halafu kuna mianya, na hapa wenye nyumba za magari wa Marekani wana la kufundisha. Huko watu husafiri miezi na familia ndani ya gari lenye vitanda na jiko, na juu yake hukaa kiyoyozi cha uwezo wa BTU 13,500 au 15,000 kwa saa, yaani kama kilowati nne. Malalamiko yao yanafanana na ya abiria wa Kondoa: kinavuma, hakipozi. Wengi waliokifungua kifuniko cha darini walikuta jambo moja. Ukuta mwembamba unaotenga hewa ya baridi inayotoka na hewa ya moto inayoingia ulikuwa umeacha nafasi, na baridi iliyokwisha kulipiwa umeme ilikuwa inafyonzwa tena na mashine yenyewe kabla ya kufika chumbani. Mashine ilijipoza yenyewe. Dawa ilikuwa tepu ya alumini na nusu siku ya kazi. Katika basi, njia za hewa hupita juu ya keria za mizigo kwa urefu wa mita 10 na zaidi, zikiwa zimeungwa vipande kwa vipande. Barabara mbovu huzilegeza, mzigo uliosukumwa kwa nguvu huzipasua, na matundu ya siti ambazo hazina mtu huachwa wazi. Baridi humwagikia dari la mbele, siti za nyuma hupata mabaki. Fundi akiombwa kutazama AC, mara chache atafungua keria.

Atafanya nini? Atajaza gesi.

Hakuna matibabu yanayopendwa na karakana za nchi hii kama kujaza gesi, na hakuna yanayoficha ugonjwa zaidi ya hayo. Gesi ya AC haiishi kama mafuta. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake inavuja: kwenye mpira uliochakaa, kwenye maungio yaliyotikiswa na matuta, au kwenye sili ya kompresa. Anayejaza bila kutafuta mvujo amemuuzia mwenye basi miezi michache. Anayejaza wakati tatizo ni rejeta chafu amefanya vibaya zaidi, kwa sababu presha iliyokuwa juu inaongezeka. Na gesi inayotoroka haipotei. R134a, iliyomo kwenye mabasi mengi, hukamata joto la dunia mara 1,430 zaidi ya hewa ukaa ya uzito uleule kwa kipindi cha miaka 100. Gesi za kundi hilo ndizo zilizozifanya nchi zikutane Kigali Oktoba 2016 na kukubaliana kuzipunguza, kama nyongeza ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987.

Mtu aliyeleta ubaridi kwenye magari makubwa aliyajua haya ya barabarani. Frederick McKinley Jones, Mmarekani mweusi aliyezaliwa 1893, aliyekuwa yatima na aliyejifunza ufundi bila kukaa chuoni, alibuni mwishoni mwa miaka ya 1930 mashine ya kupoza malori ya vyakula, na kampuni aliyoianzisha na Joseph Numero ndiyo iliyokuja kuitwa Thermo King. Mashine za kwanza zilifungwa chini ya tela. Zilikuwa nzito na zilikula uchafu wote wa barabara, hivyo ikabidi zihamishiwe juu, mbele ya tela. Hataza yake ya kiyoyozi cha magari ilitolewa Julai 1949, na mwaka 1991, miaka 30 baada ya kifo chake, alitunukiwa nishani ya taifa ya teknolojia, Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata. Kupanda juu kuliiokoa mashine na matope. Kulikuwa na gharama yake, hata hivyo, ambayo wasafiri wa nchi za jua la wima ndio wanaoilipa: chombo cha kutupa joto kimewekwa juu ya bati lililo moto kuliko kitu kingine chochote kwenye gari, na kinavuta hewa iliyotambaa juu ya bati hilo.

Kwa hiyo rangi ya paa ni sehemu ya kiyoyozi. Rangi nyeupe safi huakisi sehemu kubwa ya mwanga wa jua, nyeusi au ya bluu iliyoiva huumeza karibu wote, na mchana wa Oktoba tofauti ya joto kati ya bati hizo mbili inaweza kupita nyuzi 20. Mabasi mengi yanayopita Msalato hupakwa rangi moja kutoka chini hadi juu, pamoja na paa ambalo halimtangazii mtu kitu. Kulipaka jeupe hakubadilishi sura ya basi kwa anayelitazama kutoka chini. Ni makopo machache ya rangi.

Wagogo waliishi na jua hili karne nyingi kabla ya kompresa, na walianzia paani. Tembe, nyumba yao ya asili, lilikuwa na paa la kulala, miti iliyopangwa, kisha fito na nyasi, kisha tabaka nene la udongo. Udongo ulichukua saa nyingi kupata joto, na joto lilipofika ndani jua lilikuwa limezama. Miaka ya vijiji vya Ujamaa na baadaye, bati lilichukua nafasi ya udongo, kwa sababu nzuri nyingi, mvua ikiwa mojawapo. Lakini wazee wa Chamwino na Bahi waliohamia nyumba za bati hawakuhitaji kuelezwa na mhandisi kwamba nyumba hupata joto kutokea juu.

Elimu hiyo hiyo ya mazingira makavu inafungua njia nyingine, na inashangaza kwamba haijajaribiwa kwa upana. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu maji yanayopenya kutani hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Australia kuna madereva wa malori na wenye matela ya kupigia kambi wanaofunga juu ya paa kifaa kinachofanya kazi hiyo: pedi zilizolowa maji, feni ndogo, tangi, na umeme kidogo wa betri bila kompresa. Siku yenye nyuzi 31 na unyevu wa hewa wa asilimia 30, hali ya kawaida ya alasiri ya Dodoma wakati wa kiangazi, hewa iliyopita kwenye pedi kama hizo inaweza kushuka hadi nyuzi 22 au 23. Kwa basi la Dar hakifai, maana kikifika Chalinze kitaleta unyevu bila baridi. Kwa Coaster zinazozunguka Dodoma, Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, ambazo nyingi hazina AC kabisa, ni wazo linalostahili fundi mmoja wa VETA na gari moja la majaribio. Maji yangehitaji kuchujwa chumvi, na maji ya visima vya huku yana chumvi ya kutosha kuziba pedi. Jambo hilo lisidharauliwe.

Wapo watakaosema haya yote ni ya matajiri, na kwamba nchi yenye ajali nyingi za mabasi ina mambo makubwa ya kukagua kuliko ubaridi. Hoja ina uzito nusu. Dereva naye hukaa ndani ya sanduku hilohilo kwa saa nane au kumi, na tangu Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku, uchovu wa dereva umekuwa suala la kila saa. Joto huleta usingizi. Ni kweli pia kwamba usiku umepunguza makali: Dodoma hupoa haraka jua likizama, na Julai abiria wa alfajiri hujifunika khanga wakimwomba konda azime ile AC iliyomshinda Oktoba. Mashine hiyo hupoza vizuri sana wakati hakuna anayeihitaji, na pengine ndiyo sababu hubakia bila kutengenezwa hadi Septemba.

Njia ya kulishughulikia jambo hili ipo na haihitaji sheria mpya nene. Kiyoyozi kizima hupunguza joto la hewa inayoingia kwa nyuzi 8 hadi 11 kabla ya kuitoa. Kipimajoto kimoja kikiwekwa pale hewa inapofyonzwa na kingine kwenye tundu la siti ya nyuma kabisa, ndani ya dakika 20 injini ikiunguruma, majibu yanapatikana. Tofauti ya nyuzi 3 haihitaji mjadala na konda. LATRA tayari ina mfumo wa VTS unaofuatilia mwendo wa mabasi na kujua lipi limezidisha kasi na wapi. Kuongeza kwenye mfumo huo kihisi cha joto la ndani ni kazi ndogo kwa waliokwisha kufunga kifaa cha kasi. Basi ambalo siti zake za nyuma hukaa nyuzi 30 safari baada ya safari lishushwe daraja, na nauli yake ishuke nalo, mpaka litengenezwe. Mwenye basi ataijua thamani ya kuosha rejeta siku atakapoanza kukosa Sh19 kwa kilomita kwa kila siti.

Wenye mabasi wana sababu yao wenyewe ya kuharakisha. Tangu 25 Julai 2024 treni ya umeme ya SGR inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam, kwa safari isiyofika saa nne ikiwa ya haraka, na ndani ya mabehewa hakuna anayebishana na konda kuhusu AC. Njia ya Arusha haina reli hiyo, kwa hiyo barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251 za lami zilizozinduliwa Aprili 2018, bado ni ya mabasi. Hilo linawapa wamiliki muda wa kupumua, na abiria wa kaskazini ndio wanaolipia pumzi hiyo.

Kuna kazi moja ambayo bado haijaharibika. Uwanja wa ndege wa Msalato, uliowekewa jiwe la msingi na Rais Samia Suluhu Hassan Oktoba 2022, uko kilomita 12 hivi kutoka katikati ya mji. Abiria atakayetua hapo saa saba mchana atapanda basi dogo kwa safari ya dakika 20. Gari lililochomwa na jua saa tatu kwenye maegesho ya wazi haliwezi kupozwa kwa dakika 20, hata lifungwe mashine ya ukubwa gani. Siti, dari na sakafu zimeshahifadhi joto la kutosha kuizidi safari nzima. Magari ya njia fupi kama hiyo yanahitaji kivuli kabla ya kompresa. Paa jepesi juu ya maegesho, na sharti la paa jeupe na filta zinazofunguka bila bisibisi katika mkataba wa yeyote atakayepewa njia hiyo, ni mistari michache kwenye nyaraka za zabuni. Paa hilo linaweza kubeba pia paneli za jua, na umeme wake ukazungusha feni za kutoa hewa moto ndani ya magari yanayosubiri ndege. Atakayeandika zabuni hiyo akumbuke kuagiza mwarobaini wa kivuli upandwe upande wa magharibi, kwa ajili ya jua la saa kumi.